Ng'ombe Asiyeulizwa Hali

Tabia ya mnyama, yaani namna anavyosimama, anavyocheua na anavyojitenga na wenzake, ndiyo ushahidi wa kwanza wa ugonjwa wake, na mhudumu wa mifugo anayeuvuruga ushahidi huo kwa kamba na fimbo hawezi kudai kwamba amempima mgonjwa. Kauli hii ni kali kwa sababu yaliyotokea wiki hii katika boma moja nje ya Kitale hayavumiliki.

Ng'ombe wa maziwa mwenye mimba, aliyeshukiwa kuwa na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na ambao huleta homa pamoja na uvimbe wa tezi zilizo chini ya sikio, alikimbizwa na vijana wanne karibu nusu saa juani, akabanwa kwenye ua wa michongoma, akashikwa pua na kupindwa mkia, ndipo akatiwa kipimajoto na homa ikatangazwa. Joto la kawaida la ng'ombe aliyekomaa ni takriban nyuzi 38 hadi 39.3 za Selsiasi, lakini mbio na hofu hulipandisha, hata isijulikane ipi ni dalili ya maradhi na ipi ni ya fimbo. Sindano ilidungwa hata hivyo, na mfugaji akalipa.

Ng'ombe, kwa kuwa asili yake ni kuwindwa, huficha maumivu, na huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, kwa hiyo anayemnyatia kutoka nyuma hupigwa teke kisha akamwita mkorofi. Mtaalamu Temple Grandin wa Marekani amelifundisha jambo hili kwa miongo kadhaa. Mchungaji mzoefu anayeswaga zebu kwenda soko la Chwele, kule Bungoma, hulijua bila darasa, naye humwendea mnyama ubavuni huku akimsemesha. Hata maziwa hushuhudia, maana hofu humwaga adrenalini, homoni ya taharuki, ambayo huizuia oksitosini, homoni inayoyashusha maziwa chuchuni.

Katika boma lile, mama anayemkamua ng'ombe huyo kila alfajiri alisimama langoni muda wote, akijua kwamba tangu juzi mnyama wake alikuwa akicheua kidogo, masikio yamelegea, na akibaki nyuma wenzake wakienda kunywa maji. Hakuna aliyemuuliza.