Kalsiamu ya Moyo na Deni Letu

Ni ada ya makongamano yetu kufunguliwa kwa swali lile lile: je, Kiswahili chaweza kubeba sayansi? Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na bado twauliza, twapigiana makofi, twaenda kunywa chai. Kwa maoni yangu, tunachopungukiwa zaidi si istilahi bali ni maelezo.

Hapa Mugutha, ninakopanga chumba, yuko nyanya jirani yangu mwenye shinikizo la damu. Aliandikiwa dawa katika zahanati moja, akaambiwa harakaharaka kwamba "inazuia kalsiamu." Aliporudi nyumbani aliacha maziwa. "Mjukuu wangu," aliniambia, "kama kalsiamu yanidhuru, niinywe ya nini?" Akawa anakunywa strungi, katika umri ambao mifupa yake yahitaji kalsiamu kuliko yangu. Maneno aliyoambiwa yalikuwa Kiswahili sanifu, wala hayakuwa uongo. Kilichokosekana ni mahali: yazuiwa isiingie wapi?

Dawa ya aina hiyo hufunga vilango katika utando wa seli za misuli ya mishipa ya damu. Kalsiamu inayoingia hupungua, misuli hulegea, mishipa hupanuka. Haiitoi kalsiamu mifupani, wala haigombani na maziwa. Sentensi tatu tu!

Ndani ya seli za moyo habari ni ndefu zaidi, na hapo ndipo wengi wetu hukimbilia Kiingereza. Mkondo wa umeme unapopita kwenye utando wa seli, vilango hufunguka na kalsiamu kidogo huingia. Hiyo kidogo huvuka mwanya mwembamba mno, wa nanomita 12 hivi, ikaligonga ghala lililo ndani ya seli. Ghala nalo hufungua milango yake na kumwaga kalsiamu nyingi. Nyuzi za msuli huvutana, moyo hupiga. Kisha pampu huirudisha kalsiamu ghalani. Nyingine huingia katika mitokondria, zinazochukua karibu theluthi moja ya ujazo wa seli, na huko huchochea utengenezaji wa nishati. Hivyo kalsiamu ile ile inayouamuru msuli ufanye kazi ndiyo inayopeleka habari kwa watoa nishati kwamba kazi imeongezeka. Hayo hurudiwa mara 100,000 hivi kwa siku.

Ghala hilo tuliiteje? Wapo watakaotohoa: retikulamu ya sakoplazimu. Sina ugomvi na utohozi; mitokondria, kwa mfano, ni neno lililokwisha kuzoeleka. Lakini retikulamu kwa Kilatini ni wavu mdogo tu. Ikiwa Walatini walikopa kwa mvuvi, sisi wenye pwani twaogopa nini? Napendekeza wavu-ghala.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ngeni kwetu kabisa. Wawindaji wa Afrika Mashariki walipaka mishale yao sumu ya msunguti. Sumu hiyo huzuia pampu ya sodiamu katika utando wa seli. Sodiamu ikizidi ndani, kalsiamu hushindwa kutoka, hulundikana ghalani, na moyo hupiga kwa nguvu kisha hupoteza mpangilio wake. Jina lake la kitaalamu, uabaini, lilitokana na neno la Kisomali, waabaayo. Lugha ya majirani zetu imo maabarani ulimwenguni kote, nasi bado twajadili kama yetu yafaa.

Chuo cha kilimo na teknolojia kiko Juja, Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, nasi wa Mugutha tumo katikati. Nauli si kisingizio. Kila mwanachama na aketi na mwanafunzi mmoja wa biolojia, waandike ukurasa mmoja pamoja, kisha wausome mbele ya mtu asiyesoma sayansi wala isimu. Nyanya amekubali kutusikiliza. Amerudia maziwa, ila ameniuliza ni nani anayeufungua mlango wa ghala usiku, yeye akiwa amelala, na jibu nililompa halikumtosha.