Kabla ya Faith kulikuwa na Tegla

Kumsifu mkimbiaji wa Kenya Faith Kipyegon bila kumtaja Tegla Loroupe aliyemtangulia ni kuanza hadithi katikati. Mwaka 1994 Tegla alishinda marathoni ya New York, Mwafrika wa kwanza mwanamke kufanya hivyo, na mwaka uliofuata akashinda tena. Na baba yake hakutaka akimbie! Faith naye alijifungua 2018, akarejea, akatwaa dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki za Tokyo na Paris. Wale wanaosema uzazi ndio mwisho wa mbio wana lipi tena? Kwangu medali si hoja kubwa. Hoja ni zawadi ya mkimbiaji wa kike inaingia akaunti ya nani, na hati ya shamba lililonunuliwa kwa zawadi hiyo ina jina la nani. Wazazi, binti akiomba raba za mazoezi, mnunulieni.