Ukame wa Mpiga Picha Hautibiwi kwa Kamera Mpya

Lugha yetu ina kitenzi kilichochoka, nacho ni "piga". Twapiga pasi, twapiga simu, twapiga magoti, twapiga picha, na katika yote hayo hakuna ahisiye pigo. Wanaisimu husema kitenzi cha namna hii kimefifia kimaana: kimebaki kuwa mhimili wa sarufi tu, nayo maana imehamia kwenye nomino inayokifuata. Nionavyo mimi, hilo ndilo limpatalo mpiga picha aliyekaukiwa na ubunifu. Kidole chabonyeza na picha zatoka, ila tendo lenyewe limekwisha maana.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye hujipatia riziki kwa kupiga picha za arusi na mahafali, alinieleza majuzi kwamba anakusudia kuiuza kamera yake. Wateja hawajamkimbia. Ni yeye asiyeweza tena kuzitazama picha zake bila kuzichukia. Rafiki zake wamemshauri anunue lenzi ya bei ghali, au aende Lamu ama Maasai Mara akatafute mandhari mapya. Ushauri huo naupinga, na walimu wanaolea vyama vya uanahabari na sanaa shuleni yafaa waupinge pia. Humfunza kijana kwamba ubunifu hununuliwa dukani, na aliye maskini huambiwa kimyakimya kuwa hana fungu lake.

Mhakiki wa Kirusi, Viktor Shklovsky, alitoa hoja katika makala yake ya 1917 kwamba mazoea humeza kila kitu, hata kile tunachokipenda, na kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni. Ikiwa maradhi ni mazoea, basi safari ni kitulizo tu. Baada ya miezi michache Lamu nayo itazoeleka. Kinachohitaji kubadilika ni namna ya kutazama.

Tumtazame Josef Sudek, mpiga picha wa Prague aliyepoteza mkono wa kulia kutokana na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mji wake ulipokuwa umekaliwa na Wanazi, aligeukia dirisha la studio yake. Tangu 1940 hadi 1954 alipiga picha za dirisha hilo: ukungu juu ya kioo, mti uliopinda uani, ua ndani ya glasi. Mfululizo huo ni miongoni mwa kazi zinazomfanya akumbukwe hadi leo. Naye Edward Weston, huko California, alizipiga picha pilipili hoho tena na tena. Ile iliyosifika zaidi, ya 1930, huitwa Pilipili Nambari 30. Wawili hawa hawakutafuta vingi. Walipunguza.

Sisi wasomaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hili. Mtunzi wa utenzi hujifunga kwa vipande vinne katika kila ubeti, na mizani nane katika kila kipande. Kifungo hicho ndicho kimlazimishacho kuliacha neno la kwanza limjialo, akalitafute la pili na la tatu. Mpiga picha naye na ajiwekee arudhi yake. Enzi za filamu, mkanda wa kawaida ulimpa picha 36, na kwa kuwa kila moja ilikuwa na gharama, alitazama kabla ya kubonyeza. Simu ya leo haimwekei ukomo, basi na ajiwekee mwenyewe: kitu kimoja, mahali pamoja, picha 36 kwa juma, na asifute hata moja. Mwisho wa juma ateue moja na aandike sentensi moja kueleza sababu. Akishindwa kuiandika, yamkini hakuwa amekitazama kitu chenyewe.

Wapo watakaosema kuwa dawa ni mapumziko. Kwa aliyechoka mwili, hilo ni kweli, na apumzike. Lakini jicho lililozoea haliponi kwa kufumbwa. Aliyezipiga arusi mia moja kwa namna moja, akipumzika mwezi mzima, atarudi na kuipiga ya mia na moja vilevile.

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu mwenzangu, kabla ya kuandika barua ya kuomba kamera mpya za chama chako, wape wanafunzi mti mmoja wa uani pa shule na mwezi mmoja wa kuutazama. Juma la kwanza watalalamika, na la pili watachoka. Wakifika la tatu bila kukata tamaa, huenda wakaanza kuuona. Zoezi hilohilo ndilo nililompa kijana yule, na nimemsihi asiiuze kamera kabla ya kulimaliza.