Sanduku Langu Halijafa, Acheni Kulizika!

Nimekuwa kimya kwa muda, lakini leo nimeshikwa na hasira, na hasira isipotolewa huozea tumboni.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2015 nilinunua NAS, yaani sanduku la kuhifadhia faili nyumbani. Ni kisanduku cheusi chenye diski mbili za TB 3 kila moja. Unakichomeka kwenye ruta, halafu kompyuta na simu zote za nyumbani zinaweka faili zake humo. Humo ndimo zilimo picha za watoto tangu wazaliwe, programu zangu za miaka mingi, na saa sita za sauti ya marehemu baba akisimulia jinsi alivyofika Nairobi akiwa kijana asiyejua hata kuvuka barabara. Tulimrekodi mwaka 2011. Sauti ile ikipotea, hakuna duka litakaloniuzia nyingine.

Mtengenezaji wa sanduku ameacha kulitolea masasisho. Nikalibeba hadi mjini kuuliza kama naweza kuliongezea kumbukumbu. Kijana wa duka akalitazama mara moja tu.

"Bosi, hiyo ni ya kitambo. Weka kando, uchukue mpya."

"Kijana wangu, kwani nini kimeharibika?"

Akanyamaza. Hakukuwa na kitu kilichoharibika!

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumezoeshwa kuamini kwamba mtengenezaji akisema "tumeacha kukitegemeza," basi kifaa kimekufa. Uongo. Huo ni uamuzi wa watu wa mahesabu. Chuma hakijui habari hizo. Ndani ya sanduku langu mna prosesa ya Intel Celeron J1900, ya mwaka 2013: viini vinne, biti 64, na matumizi ya umeme yaliyopangiwa wati 10. Ni kompyuta ya kawaida kabisa iliyovishwa koti. Mkenya gani hutupa matatu kwa sababu kampuni iliyoiunda imeacha kuchapa kijitabu chake?

Lakini nisiwe kipofu wa upande mmoja. Kuna wenzangu wanaosema, "Liache tu, si linafanya kazi?" Hao nao wamekosea, na kosa lao ni la hatari zaidi. Kumbukeni Juni 2021. Watu wengi wenye masanduku ya My Book Live ya Western Digital waliamka wakakuta faili zao zimefutwa zote. Wahalifu waliyafikia kupitia intaneti na kuyarudisha katika hali ya kiwandani. Masanduku yale yalikuwa yamepata sasisho la mwisho mwaka 2015. Miaka sita mlango ulikuwa na kufuli bovu, na wenyewe hawakujua.

Kwa hiyo mfumo endeshi uliozeeka ni hatari, hilo nakubali. Ila dawa ya kufuli bovu ni kubadilisha kufuli. Habomolewi mtu nyumba!

Basi nilifanya hivi.

Kwanza, nakala. Kabla ya kugusa bisibisi nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje, nikafungua faili kadhaa kuhakikisha zinasomeka, nikaipeleka diski kwa dada yangu. Msiniambie, "Lakini mimi nina RAID." RAID 1 inakukinga diski moja ikifa. Haikukingi dhidi ya mwizi, moto, au kidole chako mwenyewe. Ukifuta faili, inafutwa kwenye diski zote mbili papo hapo, kwa utiifu mkubwa.

Pili, kumbukumbu. Sanduku lilikuja na GB 2. Kijitabu kilisema mwisho ni GB 4. Jedwali la Intel la J1900 linasema GB 8. Nikamwamini aliyeitengeneza prosesa. Nikanunua vipande viwili vya mitumba vya GB 4, vile vifupi vya kompyuta za mkononi, nikavichomeka, nikawasha... giza. Taa zinawaka, skrini haina kitu.

Kosa lilikuwa langu. Nilinunua DDR3 ya kawaida inayotumia volti 1.5, na prosesa hii inataka DDR3L ya volti 1.35. Vipande vyote vina miguu 204 na vinaingia mahali pamoja bila kulalamika, ndiyo maana watu wengi hudanganyika. Soma kibandiko: unataka PC3L. Ukiona PC3 bila herufi L, kirudishe. Mwenye duka alinibadilishia kwa kuongeza shilingi mia nne, na somo likawa la bure.

Kisha nikaiacha Memtest86+ ipime usiku kucha. Msiruke hatua hii, hasa mkinunua mitumba. Sanduku hili halina kumbukumbu ya ECC inayoweza kugundua makosa yake yenyewe. Kipande kibovu kitaharibu faili polepole, kimya kimya, na nakala zako zitanakili uharibifu huohuo.

Tatu, mfumo endeshi. Sikugusa flashi ya ndani yenye mfumo wa zamani. Nilitaka njia ya kurudi. Nilichomoa diski zote mbili za data, nikaunganisha skrini na kibodi, nikaweka Debian 12 kwenye SSD ndogo ya USB, kisha OpenMediaVault 7 juu yake. Huu ni mfumo huru wa bure unaoendeshwa kwa kivinjari, na unataka diski yake peke yake, tofauti na za data. Debian 12 ilitoka Juni 2023 na imepangiwa msaada wa usalama wa muda mrefu mpaka Juni 2028. Baada ya hapo nitapanda toleo jingine bila kumwomba mtu ruhusa.

Nikazima, nikarudisha diski, nikawasha. Katika OMV 7 inabidi kwanza uongeze kijalizo cha openmediavault-md ndipo RAID ionekane. Nikaandika `cat /proc/mdstat`, na moyo ukinidunda nikaziona diski zote mbili, nzima. Mtengenezaji wangu, pamoja na mikogo yake yote, alikuwa ametumia RAID ya kawaida ya Linux! Nikapachika bila kufomati chochote. Nikafungua faili ya kwanza. Baba akakohoa, akasema, "Haya, mnanisikia?"

Nilimsikia.

Sitawaficha kasoro. Siku mbili za kwanza feni ilinguruma kama posho mill, kwa sababu Debian haikujua kuitawala. Nililazimika kuweka lm-sensors na fancontrol na kukaa nazo jioni nzima. Taa moja ya mbele haiwaki tena. Programu ya simu ya mtengenezaji haifanyi kazi. Mama watoto aliuliza mara tatu kama nina hakika ninajua ninachokifanya, na mara ya pili sikuwa na hakika.

Tena si kila sanduku linafaa. Mengi ya bei nafuu yana prosesa za ARM, kumbukumbu iliyolehemewa kwenye ubao, wala hayana pa kuunganisha skrini. Hayo ni kazi ngumu, na mengine hayawezekani kabisa. Kama lako ni hivyo, angalau usilifungulie mlango wa intaneti: zima usambazaji wa milango kwenye ruta, libaki la ndani ya nyumba.

Najua wengine mtasema, "Weka kila kitu kwenye wingu, uachane na bisibisi." Wingu ni sawa kwa nakala ya pili. Lakini ukiacha kulipa ada ya mwezi, utaona ni nani mwenye zile picha. Na kupakia TB 2 kwa intaneti ya nyumbani, stima ikipotea katikati... jaribuni, kisha mje tuongee.

Tena msidhani kununua kipya kunamaliza shida. Aprili 2025 Synology walitangaza kwamba masanduku yao mapya ya mfululizo wa Plus yatazitegemeza kikamilifu diski zenye jina lao au walizoziidhinisha. Watumiaji wakapiga kelele, na Oktoba 2025, pamoja na DSM 7.3, wakalegeza msimamo na kuziruhusu tena za wengine. Somo ni nini? Kwamba kampuni iliyokwisha kukuuzia sanduku bado inaweza kukupangia utie nini ndani yake. Na kwamba kelele husaidia!

Ndiyo maana ninapiga yangu. Mafundi wetu wa jua kali hutengeneza jiko kutokana na pipa la mafuta, halafu sisi tunaojiita wataalamu wa kompyuta tunaambiwa mashine nzima ni takataka, nasi tunaitikia "sawa"? Aibu iko wapi?

Kabla hujatupa sanduku lako, fungua skrubu nne. Tazama prosesa. Soma kibandiko cha kumbukumbu. Halafu uamue wewe, si kijana wa duka.

Mimi langu liko pale chini ya runinga, na GB zake 8, linapumua. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaeleza jinsi ya kulifanya linakili faili lenyewe kila usiku. Kwaherini.