Nani Atavaa Jezi Gani Msimu Ujao?

Kila msimu wa ligi unapokaribia ukingoni, kwenye mabaraza na vijiwe vya kahawa vya Tanga, toka Ngamiani hadi Chumbageni, huwa na swali moja tu: nani anaondoka Coastal Union, na nani anakuja? Beki fulani kaonekana Dar es Salaam. Mshambuliaji fulani kesha katiwa tiketi ya basi. Hatuoni ubaya wa mazungumzo hayo. Kubashiri ni sehemu ya utamu wa michezo, na wakubwa nao hukosea. Katikati ya mwaka 2024, wafuatiliaji wengi wa mashindano ya dunia ya pikipiki waliamini kwamba Jorge Martin ndiye angechukuliwa na timu kuu ya Ducati kwa msimu wa 2025. Akachukuliwa Marc Marquez. Martin akatia saini Aprilia, na kabla ya kuhama akatwaa ubingwa wa 2024 na timu yake ya Pramac.

Lakini wale walibashiri juu ya mikataba ambayo mwisho wake ulijulikana. Sisi hubashiri gizani. Juni ile ile ya 2024 Simba ilimtangaza beki Lameck Lawi kuwa mchezaji wake. Coastal Union ikajibu kwamba malipo hayakutimizwa kwa wakati, hivyo kijana bado ni wao. Shauri likafika TFF, na sisi mashabiki tukabaki kuokota uvumi njiani.

Wagosi wa Kaya, mabingwa wa 1988, wamekuwa kitalu cha miche ya wenzao. Mwaka 2020 nahodha Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga. Mwaka 2022 Abdul Suleiman Sopu aliifunga Yanga mabao matatu katika fainali ya Kombe la Shirikisho, Coastal ikashindwa kwa penalti tu. Haukupita muda, Sopu akawa wa Azam. Hatuwalaumu vijana. Umri wa mpira ni mfupi, na mwenye kipaji ana haki ya kula jasho lake.

Tunachouliza ni fungu la wale waliompa kijana kiatu cha kwanza. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12, lakini fungu hilo hulengwa kwa uhamisho wa nchi hadi nchi. Kwa uhamisho wa ndani, FIFA huviachia vyama vya taifa kupanga utaratibu wa kuwatuza walezi. Ndugu zetu wa visiwani wana shida zaidi: Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama wake wa CAF wa Machi 2017 ulifutwa Julai ya mwaka ule ule.

Hivyo tunawaomba viongozi wa TFF na maofisa michezo wa mkoa walieleze jambo hili kwa Kiswahili chepesi: kijana akitoka Tanga kwenda Dar es Salaam, timu ya mtaani hudai nini, kwa nani, na kwa karatasi ipi? Klabu nazo zitangaze mwisho wa kila mkataba. Karatasi moja yatosha, ikibandikwa langoni Mkwakwani kabla dirisha la usajili halijafunguliwa.