Masomo kwa video Texas: mzigo usiachiwe mwanafunzi

Kwa mgeni aliyehamia Texas, leseni ya udereva ni mkate wake. Arlington, mji wenye wakazi karibu laki nne ulioko kati ya Dallas na Fort Worth, umejulikana kwa miaka mingi kuwa mji mkubwa usio na mabasi ya kawaida ya abiria. Houston nayo imetanda mno hivi kwamba mtu asiye na gari hutumia saa mbili kufika kazini, ikiwa atafika. Na njia ya kuipata leseni hiyo siku hizi hupitia kwenye video.

Sheria ya jimbo inamtaka mtu wa umri wa miaka 18 hadi 24 anayeomba leseni kwa mara ya kwanza amalize kozi ya saa sita, ambayo anaweza kuisoma kupitia intaneti. Kisha, kabla ya mtihani wa barabarani, kuna video ya bure ya Idara ya Usalama wa Umma kuhusu hatari za dereva asiyekuwa makini. Mtu mzima huitazama kwa saa moja, kijana kwa saa mbili, na hati anayopewa hudumu siku 90. Hatuna ugomvi na somo lenyewe, maana simu kwenye usukani inaua. Hoja yetu ni juu ya neno "bure".

Tufanye hesabu. Video inayotiririka kwa kasi ya megabiti tatu kwa sekunde hula takriban gigabaiti 1.35 kwa saa. Kozi ya saa 20, iwe ya uuguzi, ya Kiingereza au ya uhasibu, itakula gigabaiti 27. Mwenye intaneti ya waya nyumbani hatashtuka. Lakini yule anayeishi kwa simu ya malipo ya kabla, akitoka zamu ya usiku na kuwagawia watoto wawili intaneti ya simu hiyo hiyo, kifurushi chake kitakwisha katikati ya mwezi, na kampuni nyingi hapo hupunguza kasi hadi video isimame kabisa.

Watu wa namna hiyo si wachache miongoni mwetu. Katika mwaka wa bajeti wa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya elfu 16, na Texas ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyopokea wakimbizi wengi kabisa. Baadhi ya Wakongo hao walitoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Leo Kiswahili kinasikika Vickery Meadow mjini Dallas, kinasikika Fort Worth, na kinasikika kusini-magharibi mwa Houston.

Serikali kuu ilijaribu kusaidia. Kuanzia mwisho wa mwaka 2021 kulikuwa na mpango wa kuzipunguzia familia za kipato cha chini hadi dola 30 kwa mwezi katika gharama za intaneti, na zaidi ya kaya milioni 23 zilijiandikisha. Mwezi Machi 2024 Tume ya Mawasiliano, FCC, ilitangaza kwamba intaneti ya kasi sasa maana yake ni megabiti 100 kwa sekunde za kupokea na 20 za kutuma, badala ya 25 na 3 za awali. Mpango wa dola 30 ulikoma tarehe mosi Juni mwaka huo huo kwa kukosa fedha. Kipimo kikapanda, msaada ukaondoka.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni la miundombinu. Hilo lilikuwa kweli Afrika Mashariki. Mradi wa Benki ya Dunia wa chuo kikuu cha Afrika cha masafa, AVU, ulipoanza mwaka 1997, mihadhara ililetwa kwa satelaiti hadi vyuo kama Kenyatta nchini Kenya, na mkonga wa SEACOM haukufika Mombasa na Dar es Salaam hadi mwaka 2009. Lakini Dallas? Jengo la Infomart, lililofunguliwa mwaka 1985, ni mojawapo ya njia panda kubwa za intaneti nchini Marekani, na kutoka hapo hadi Vickery Meadow ni mwendo mfupi wa gari. Video imekwisha kufika mjini. Kinachoishinda ni kipande cha mwisho, kutoka barabarani hadi mkononi mwa mwanafunzi, na kipande hicho analipia yeye.

Kwa hiyo tunawageukia waandaaji wa kozi, wakiwemo ndugu zetu wa vyama na makanisa wanaorekodi masomo kwa Kiswahili. Mwalimu aliyekaa mbele ya ubao hahitaji picha ya sinema. Kwa nusu megabiti kwa sekunde uso wake utaonekana na maandishi makubwa yatasomeka, na saa nzima itakula megabaiti 225 tu. Sauti peke yake, ya kilobiti 64, haifiki hata megabaiti 30 kwa saa, na fundisho zima linaweza kusikilizwa ndani ya basi. Video ihifadhiwe katika nakala za uzito mbalimbali, ili programu ichague yenyewe kulingana na kasi iliyopo. Mfumo wa H.264, wa tangu 2003, unachezwa na karibu kila simu. Mifumo mipya hubana zaidi, ila simu kuukuu hupata moto na kumaliza betri.

La muhimu kuliko yote ni ruhusa ya kupakua. Mtu apite maktaba, achukue masomo ya wiki nzima kwa intaneti ya bure, akayatazame nyumbani. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kiliwakatia umeme wateja zaidi ya milioni mbili wa eneo la Houston, wengine kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na somo ndani ya simu aliendelea. Tena mfumo ukumbuke mwanafunzi alipoishia. Kumrudisha dakika ya kwanza kwa sababu mtandao ulikatika dakika ya 50 ni kumtoza mara mbili.

Kando ya kila somo yaandikwe megabaiti zake, kama bei inavyoandikwa dukani. Na kabla ya kutangaza kozi, mwandaaji achukue simu ya bei rahisi, azime intaneti ya ofisi, aende jioni kwenye ghorofa la Gulfton wakati majirani wote wako mtandaoni, kisha alitazame somo lake mwenyewe hadi mwisho.