Kabla Hujatia Sahihi Karatasi za Urithi

Tangu dada yetu wa chama asimamishiwe SSI, msaada wa serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu wenye kipato na mali kidogo, simu ya mhariri haijapumzika. Swali ni lile lile: kosa lake nini, na pesa zilikuwa za marehemu baba yake? Hakuiba wala hakudanganya. Kipande cha shamba kule Kenya, kando ya barabara ya Katito kwenda Kendu Bay, kiliuzwa, ndugu wakagawana, fungu lake likatumwa hapa Marekani na kukaa benki miezi minne. Sasa anadaiwa malipo ya miezi hiyo yote.

Kikomo cha SSI ni dola 2,000 kwa mtu mmoja na 3,000 kwa mume na mke. Hakijasogea tangu 1989. Urithi huhesabiwa kuwa mapato mwezi unapoupokea. Kinachobaki tarehe 1 ya mwezi unaofuata ni mali yako, na ukivuka kikomo huna malipo. Ni lazima utoe taarifa ndani ya siku 10 baada ya mwezi ule kwisha. Siku 10! Tuliyasema haya kwenye mkutano mkuu wa chama mbele ya watu 9. Kwenye matanga tunajaza ukumbi hadi wengine wanasimama nje.

Wanaopokea SSDI, bima ya ulemavu, peke yake wasihofu: ile inatokana na kazi uliyofanya, haiulizi una nini benki. Ila wapo wanaopokea zote mbili. Someni barua zenu.

Linalotunyima usingizi ni hili. Nyumbani Kenya, mali ya asiyeacha wosia hupitia mahakamani: tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, msimamizi huteuliwa, na kwa kawaida miezi 6 hupita kabla hati haijathibitishwa na shamba kugawanywa. Hapo ndipo unapoletewa karatasi ya kukubali mgawanyo. Kaka anakupigia: "Nyar Nyakach, dada yangu, wewe uko Amerika, tia sahihi tu, tugawane sisi tuliobaki dala, nyumbani." Unatia. Kwa SSI, kuachilia kilicho haki yako ni kama kukigawa bure, na unaweza kukosa malipo hadi miezi 36. Usitie sahihi kabla hujaonana na wakili.

Shamba lisilouzwa nalo huhesabiwa. Nyumba inayosamehewa ni ile unayoishi wewe, si boma la Katito. Lakini kama mama ni mmiliki mwenza, anaishi mle, na kuuza kutamwacha bila makazi, una hoja ya kujitetea. Mletee wakili nakala ya hati ya shamba.

Tangu 1 Januari 2026, akaunti ya ABLE, ya akiba kwa walemavu, iko wazi kwa waliopata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 46. Zamani ilikuwa 26. SSI haihesabu dola 100,000 za kwanza zilizomo. Ifungueni kabla pesa hazijatoka Kisumu, maana kuna kikomo cha kuweka kila mwaka, na urithi utabaki kuwa mapato ya mwezi ulipoupokea hata ukiuweka humo. Zinazozidi lipieni madeni, nunueni gari moja la familia, mwezi huo huo, na risiti mzitunze.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, wakili atakuwa ukumbini. Njoo na barua zako, hata ile uliyoificha chini ya godoro. Na ninyi wafuasi wa mwenyekiti wa zamani na ninyi wafuasi wa mwenyekiti wa sasa, kaeni chumba kimoja kwa saa mbili.